Dosari Zinazosamehewa na Zisizosamehewa

Hakuna jambo linalomchoma askari mpelelezi kama kusikia kwamba mtu aliyemtafuta kwa majuma, akamkamata kwa taabu na kumfikisha mbele ya hakimu, ameachiliwa na mahakama ya rufani kwa sababu ya dosari ya utaratibu. Katika vituo vya polisi na katika makambi ya jeshi lawama huwa ni moja: mhalifu ameponyoka kwa ufundi wa mawakili, na kazi ya askari imekwenda bure. Mbarara ni mji wa askari na pia ni mji wa mahakama. Mashauri mengi ya kusini-magharibi ya Uganda yamekuwa yakipanda huko kwa rufaa, yakiwemo yale yanayoanzia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kila rufaa inayofaulu huirudisha lawama hiyo upya. Haikosi msingi wake. Lakini yasahau nusu ya habari, nayo ni kwamba sheria yenyewe imeagiza tangu zamani kuwa si kila kosa la hakimu, la mwendesha mashtaka au la polisi linatosha kutengua hukumu.

Sheria ya Uganda ya mwenendo wa mashauri ya jinai yasema wazi kwamba mahakama ya rufani inaweza kukubali kuwa hoja ya mrufani ni ya kweli, na hata hivyo ikaitupa rufaa yake, iwapo itaona kwamba haki haikupotoshwa kwa kiasi kikubwa. Katiba ya 1995, katika ibara ya 126, imekwenda mbali zaidi: mahakama zimeagizwa kutoa haki yenyewe bila kufungwa mno na mambo ya kiufundi. Swali linaloulizwa basi si kama kosa lilitendeka, bali kama kosa hilo lilidhuru. Hapo ndipo penye ugumu, na historia ya Afrika Mashariki imejaa mifano ya kujibu swali hilo vizuri na ya kulijibu vibaya.

Kanuni hiyo haikuzaliwa Afrika. Huko Uingereza palikuwa na nyakati ambapo jina lililoandikwa vibaya katika hati ya mashtaka liliweza kumwokoa mtu, na katika mashauri ya madai ushahidi mmoja tu usiostahili kupokelewa ulitosha kuamuru shauri lisikilizwe upya. Karne ya 19 ilipokuwa ikiendelea watu walichoshwa na mchezo huo. Sheria ya rufaa za jinai ya 1907 ikawapa majaji wa Uingereza uwezo wa kuyapita makosa yasiyoleta madhara. Uhindi ilikuwa imekwisha kutangulia, kwani sheria yake ya mwenendo wa jinai ya 1898, katika kifungu cha 537, ilisema kwamba hukumu isitenguliwe kwa kosa, upungufu au dosari ya utaratibu ila pale ambapo haki imekosekana kwa sababu hiyo.

Haukupita muda mrefu kabla mipaka ya kifungu hicho kuonekana. Mwaka 1901 lilifika London, mbele ya Baraza la Faragha ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, shauri la Subrahmania Ayyar kutoka Uhindi. Mtu huyo alikuwa ameshtakiwa katika kesi moja kwa vitendo 41 vilivyochukua muda wa miaka miwili, ilhali sheria iliruhusu makosa matatu tu ya namna moja, yaliyotendeka ndani ya mwaka mmoja, kusikilizwa kwa pamoja. Serikali ilidai kwamba hiyo ni dosari ndogo. Majaji walikataa. Walisema kwamba kuivunja amri ya wazi ya sheria juu ya namna ya kuendesha shauri si dosari, ni uharamu, na uharamu hauponyeshwi na kifungu chochote. Tangu siku hiyo majaji wa Uhindi na wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiulizana mstari kati ya dosari na uharamu unapita wapi.

Afrika Mashariki iliupokea ubishi huo pamoja na sheria zenyewe. Kwanza zilitumika sheria za Kihindi, na kuanzia 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapewa sheria zao za jinai zilizofanana kama watoto wa mama mmoja. Vifungu vya kusamehe dosari vilikuwamo katika zote. Juu yao ilikaa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo ilidumu hadi 1977, na maamuzi yake yalisomwa Kampala sawasawa na Nairobi na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo askari wa Mbarara hawezi kuielewa sheria yake bila kutazama yaliyotokea Kenya wakati wa Hali ya Hatari.

Mfano wa kwanza ni Kapenguria, karibu na mpaka wa Uganda. Aprili 1953 Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Wakili wao, D. N. Pritt, alikuwa amegundua jambo dogo kwa kulitazama: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Julai 1953 mahakama kuu ya Kenya ya wakati huo ikakubaliana naye kwamba hakimu hakuwa na mamlaka mahali pale. Serikali ya kikoloni ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo. Rufaa ikarudi kusikilizwa, na Januari 1954 ikatupwa kwa wote isipokuwa Oneko, ambaye hata hivyo alitiwa kizuizini. Katika mashauri ya kawaida kukosea mahali pa kusikilizia ni dosari inayosameheka, na ni haki iwe hivyo. Lakini palipokuwa na serikali iliyokwisha kuamua matokeo kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa, msamaha wa dosari uligeuka kuwa ngao ya mwenye nguvu.

Mfano wa pili wawahusu polisi zaidi, na unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Katika siku hizo hizo za Hali ya Hatari, Mwafrika aliyeitwa Kuruma mwana wa Kaniu alikuwa akipita kwa baiskeli akafika penye kizuizi cha barabara. Polisi walimpekua. Walisema walimkuta na risasi mbili pamoja na kisu kidogo cha mfukoni. Kumiliki risasi bila kibali kulikuwa na adhabu ya kifo. Kanuni zilizotungwa na serikali yenyewe zilisema kwamba upekuzi wa namna hiyo, bila hati, ufanywe na polisi mwenye cheo kisichopungua mkaguzi msaidizi. Waliompekua Kuruma hawakuwa na cheo hicho. Alihukumiwa kifo, na rufaa yake ikafika Baraza la Faragha huko London.

Uamuzi uliotoka mwishoni mwa 1954, na ambao wanafunzi wa sheria bado wanausoma, ulisema kwamba ushahidi ukishakuwa unahusika na jambo linalobishaniwa, mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana, ingawa jaji ana hiari ya kuukataa ikiwa kuutumia kungemwonea mshtakiwa. Rufaa ikatupwa. Kwa lugha ya wanasheria hilo ni jambo la sheria ya ushahidi kuliko la msamaha wa dosari, lakini kwa mtu aliyesimama kizimbani tofauti hiyo ilikuwa hewa: askari walivunja sharti, na sharti halikumfaa kitu. Cha kutia mashaka zaidi ni kwamba majaji wenyewe hawakutulia. Walitaja kwamba kile kisu hakikuletwa mahakamani, na kwamba watu waliosemekana kuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Sharti la cheo halikuwekwa kwa ajili ya heshima ya maofisa. Liliwekwa ili, risasi mbili zinapoweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, awepo mtu mwenye madaraka wa kujibu zilionekana mfuko gani na nani aliziona. Dosari iliyosamehewa ilikuwa ndiyo hasa ile iliyoweza kuuficha uwongo, kama uwongo ulikuwapo. Ni vigumu kuusifu uamuzi huo.

Miaka hamsini kasoro kidogo ilipita. Mwaka 2003, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Elirema, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliona katika jalada kwamba aliyesimama kuendesha mashtaka katika mahakama ya chini alikuwa koplo wa polisi. Sheria ya wakati huo ilisema kwamba polisi atakayeteuliwa kuendesha mashtaka asiwe chini ya cheo cha mkaguzi msaidizi. Kilikuwa cheo kile kile kilichozungumzwa katika habari ya Kuruma. Upande wa serikali ulitumaini kifungu cha kusamehe dosari. Mahakama ikajibu kwamba hapakuwa na dosari ya kusamehe, kwa sababu hapakuwa na mwendesha mashtaka, na bila mwendesha mashtaka hakuna shauri. Mwenendo wote ukahesabiwa batili. Rufaa nyingine nyingi zikafuata mlango huo huo nchini Kenya, zikiwemo za watu waliohukumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu.

Askari akiyaweka mashauri hayo mawili pamoja ana haki ya kushangaa. Konstebo asiye na cheo apekua, na mtu ahukumiwa kifo. Koplo asiye na cheo asimama kuuliza mashahidi maswali ambayo pengine aliyauliza vizuri kuliko inspekta wake, na wafungwa wafunguliwa milango. Jibu la wanasheria ni kwamba la kwanza lahusu kitu kilichopatikana, na la pili lahusu mamlaka ya baraza lililohukumu. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini kipimo cha madhara, kama kingetumiwa kwa unyofu katika yote mawili, pengine kingetoa matokeo ya kinyume: upekuzi ule uliweza kuidhuru haki kuliko koplo yule. Funzo alilolipata polisi wa Kenya mwaka 2003 lilikuwa chungu. Hakuna aliyemlaumu kwa uwongo wala kwa kipigo. Alilaumiwa kwa kufanya kazi ambayo mkubwa wake alimtuma bila kutazama kitabu cha sheria.

Uganda nayo inacho cheo hicho katika sheria yake. Sheria ya Ushahidi yasema kwamba ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi lisitumike dhidi yake ila limetolewa mbele ya polisi mwenye cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Konstebo akimsikia mtuhumiwa akiungama usiku katika kituo cha mbali, hata kama kila neno ni la kweli, amesikia jambo ambalo mahakama haitalisikia. Hata hivyo ungamo likikataliwa hukumu haianguki papo hapo. Mahakama ya rufani hulitoa ungamo hilo katika hesabu, kisha huuliza: kilichobaki chatosha? Yakibaki macho ya mashahidi waaminifu na mali iliyopatikana, rufaa hutupwa. Kisipobaki kitu, mtu huachiliwa. Kwa hiyo mpelelezi aliyeridhika na ungamo tu, akaacha kutafuta mashahidi, ndiye aliyeifanya dosari yake mwenyewe kuwa yenye kudhuru.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kulisikiliza upya shauri lililoharibika. Mwaka 1966, katika shauri la Fatehali Manji, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba shauri halirudishwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi ulioukosa mara ya kwanza. Tena miaka inapopita mashahidi hufa, huhama, husahau. Nakivale watu huhama kuliko mahali pengi.

Kabla ya kufika Nakivale, haifai kupita Mbarara kana kwamba mji huo haukuona siku ambapo dosari haikuwapo kwa sababu utaratibu wenyewe haukuwapo. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walifika Mbarara kuuliza habari za mauaji ndani ya kambi ya jeshi ya Simba. Hawakutoka hai. Jaji David Jeffreys Jones, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliona kwamba waliuawa na watu wa jeshi, naye akalazimika kuondoka nchini kabla taarifa yake haijatangazwa. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye muda mfupi kabla aliamuru Mwingereza aliyezuiliwa na jeshi aachiliwe, alikamatwa na askari ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, asionekane tena. Na Oktoba 1982 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa mashambani mwao katika wilaya ya Mbarara. Wengine walivuka mpaka, wengine wakasukumwa kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Katika matukio hayo yote hapakuwa na hati ya mashtaka iliyokosewa wala koplo aliyevaa joho la inspekta. Jalada halikufunguliwa, kwa hiyo hakuna mahakama ya rufani iliyoweza kulisoma.

Hata baada ya Katiba ya 1995 jambo hilo halikuisha mara moja. Machi 21, 2002 padri Declan O'Toole, raia wa Ireland, aliuawa pamoja na wenzake wawili huko Karamoja. Machi 25 askari wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani huko Kotido, wakaonekana na hatia, na siku hiyo hiyo wakapigwa risasi hadharani. Huenda walikuwa na hatia. Ibara ya 22 ya Katiba yasema kwamba hukumu ya kifo haitekelezwi mpaka ithibitishwe na mahakama ya juu kabisa ya rufaa. Hilo si sharti la raia peke yake. Askari aliyevaa sare analihitaji zaidi, maana ndiye anayehukumiwa kwa haraka zaidi, na wenzake.

Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazikuwa na mamlaka ya kikatiba ya kuwahukumu raia. Bunge likatunga sheria nyingine juu ya jambo hilo mwezi Mei mwaka huo huo, na mabishano yakaendelea. Katika uwanja huu wa dosari yatosha kusema kwamba ukosefu wa mamlaka ya kuhukumu ndilo kosa ambalo, tangu zamani za Subrahmania Ayyar, majaji wamekuwa wagumu kabisa kulisamehe.

Nakivale ilipokea wakimbizi waliotoka Rwanda baada ya machafuko ya 1959, na mwaka 1960 ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi. Mwaka huo huo Uganda ilipata sheria ambayo jina lake lenyewe lilizungumzia kuwadhibiti wakimbizi wageni. Ilibidi kungoja sheria ya 2006 ili mkimbizi aonekane kuwa mwenye haki kuliko kuwa mzigo. Eneo hilo, lililokuwa la Mbarara, sasa ni la wilaya ya Isingiro. Wanaishi humo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Mahakama ilikuwa mbali nao, na mwaka 2013 ilianzishwa, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mahakama inayotembea ambayo iliwafuata huko huko.

Mahakama ikija karibu, tatizo lililobaki ni ulimi. Shauri la Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Polisi na jeshi wana Kiswahili chao tangu enzi za King's African Rifles. Serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mkongo wa Nakivale anacho Kiswahili chake, kilichokulia Kivu. Wawili hao hudhani kwamba wanaelewana kabisa, na mara nyingi ni kweli. Hatari iko katika zile mara chache.

Tuseme mtuhumiwa asema, "Nilichukua baiskeli." Afisa, mwenye cheo kinachotakiwa, aandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya kuiba. Hakukusudia ubaya; kwake baiskeli iliyochukuliwa bila ruhusa imeibwa. Lakini kuchukua si kuiba mpaka iwepo nia ya kumnyang'anya mwenyewe moja kwa moja, na nia hiyo ndiyo iliyokuwa ikisubiri kuthibitishwa. Neno moja limelimaliza shauri kabla halijaanza. Ndiyo maana mahakama za Uganda zimesisitiza kwamba maelezo ya onyo yaandikwe kwanza kwa lugha aliyoisema mtuhumiwa, asomewe, atie sahihi, kisha ndipo tafsiri ya Kiingereza iandikwe kando.

Mwaka huo huo wa 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan kutoka Kenya, ilipanga hatua za kupokea kukiri kosa mbele ya hakimu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, habari za tukio zisomwe, naye apewe nafasi ya kuzikana au kuzieleza. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, na ibara ya 44 inaiweka haki ya kusikilizwa kwa usawa miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, hata wakati wa hatari.

Kukosekana kwa mkalimani basi si kama tarehe iliyokosewa katika hati. Tarehe hurekebishwa, na mshtakiwa alijua tangu mwanzo anashtakiwa kwa jambo gani. Mtu aliyekaa kizimbani bila kuelewa hakuweza kumpinga shahidi, na hakuna awezaye kusema leo angesema nini. Jaji wa rufaa aliyeko Mbarara hamwoni mshtakiwa, anasoma karatasi. Maelezo ya Kiswahili yakiwa yamefungwa pamoja na tafsiri, atayalinganisha maneno mawili, na pengine ataona kwamba tofauti yake haikumdhuru mtu, aitupe rufaa, na kazi ya askari wa Nakivale isimame. Yasipokuwamo, mbele yake liko neno moja tu la Kiingereza, nalo ni la yule aliyeandika.